Kuwapeleka Watoto Katika Mabonde ya Makaa ya Mawe

Wazazi wengi wenye asili ya pwani na bara ya Afrika Mashariki wanaokaa Uingereza, watoto wao wakiwa wamezaliwa huko au wamefika wangali wachanga, huziona siku za likizo zikipita katika maduka makubwa na viwanja vya michezo ya kulipia, mpaka shule zikafunguliwa tena na mtoto asiwe na jambo la kusimulia ila bei ya vitu alivyonunuliwa. Shauri ninalotaka kulitoa hapa ni kwamba siku moja ya likizo, au mbili kama nafasi ipo, itengwe kwa ajili ya mabonde ya kusini mwa Wales, ambako kwa vizazi vingi wanaume na vijana walishuka chini ya ardhi kila siku kuchimba makaa ya mawe. Na kwamba itengwe upesi. Nasema upesi kwa sababu iliyo dhahiri: watu waliofanya kazi hiyo kwa mikono yao wangali hai, lakini kijana aliyekuwa na umri wa miaka 20 mgomo mkuu wa wachimbaji ulipokwisha mwezi wa Machi, 1985, leo amekwisha kuvuka miaka 60, na wengi waliomtangulia wamekwisha kwenda zao. Majengo yatahifadhiwa na serikali na vitabu vitabaki maktabani, bali sauti ya mtu anayeeleza jinsi alivyokuwa akisikia mwamba ukilia juu ya kichwa chake haihifadhiki kwa namna hiyo hiyo, na mtoto aliyeisikia kwa masikio yake amepata elimu ambayo mwalimu hawezi kumpa.

Huenda mzazi akauliza habari hizi zatuhusu nini sisi tuliotoka Unguja, Tanga, Mombasa au Kisumu. Zatuhusu sana. Makaa ya kusini mwa Wales yalisifiwa duniani kwa kuwa na joto kali na moshi kidogo, hata manowari za Uingereza zikayachagua kuliko mengine yote, na meli zikayachukua kutoka Cardiff mpaka vituo vya kutilia makaa vya Port Said na Aden. Mfereji wa Suez ulipofunguliwa mwaka 1869, na meli za moshi za kampuni ya British India zilipoanza safari za Aden na Unguja mwaka 1872, barua, bidhaa, mahujaji na maofisa wa dola walianza kufika pwani yetu kwa nguvu ya moto, bila kungojea msimu wa kaskazi wala kusi. Nguvu hiyo, na mema na mabaya yote iliyotuletea, ilitoka kwa sehemu kubwa katika mabonde hayo membamba yenye mvua, na mtoto wa Kiswahili anayesimama kwenye mdomo wa shimo la mgodi anatazama mwanzo wa kadhia iliyoishia katika bandari ya babu zake.

Kabla ya safari, mzazi na ajisomee kidogo ili asiwe bubu mbele ya maswali. Ayajue machache yaliyo imara. Mwaka 1913 migodi ya kusini mwa Wales ilitoa zaidi ya tani milioni 56 za makaa na kuajiri watu zaidi ya 230,000, na bandari ya Barry, iliyofunguliwa mwaka 1889, ikapakia makaa mengi kuliko bandari yoyote nyingine duniani. Baada ya vita vya kwanza vya dunia meli zilianza kuchoma mafuta, masoko yakapotea, umasikini ukaingia majumbani. Tarehe 1 Januari, 1947, migodi ikawa mali ya taifa. Kisha ikafungwa mmoja baada ya mwingine, na baada ya mgomo wa 1984 na 1985 kufungwa kukawa kwa haraka. Hayo yatosha kwa kuanzia.

Mahali pa kuanzia ni Blaenavon, mji mdogo ulio juu ya mlima mwishoni mwa bonde la mashariki, ambao pamoja na nchi inayouzunguka uliingizwa mwaka 2000 katika orodha ya urithi wa dunia ya UNESCO. Hapo upo mgodi uitwao Big Pit, ambamo shughuli za uchimbaji zilikoma mwaka 1980 na milango ikafunguliwa kwa wageni mwaka 1983; tangu 2001 umekuwa jumba la makumbusho la taifa. Kuingia jumbani hakutozwi ada, lakini kwa ziara ya kushuka chini ya ardhi ni vyema kuulizia ada na kuweka nafasi mapema, hasa siku za likizo za shule ambapo watu hujaa. Gari likipelekwa, kuna malipo ya kuegesha. Mtoto asiyefika urefu wa mita moja haruhusiwi kushuka, nami nawasihi wazazi wampime nyumbani kabla ya kumwahidi, kwani hakuna kilio kichungu kama cha mtoto aliyefika mlangoni akarudishwa, huku ndugu zake wakiingia.

Kushuka kwenyewe ni jambo la kutayarishiwa moyo. Kila mgeni huvikwa kofia ngumu yenye taa, na kiunoni mkanda wenye betri na kifaa cha kumwokoa mtu hewa ikiharibika, mzigo unaokaribia kilo 5 kwa jumla, na mtoto huuona uzito wake mara moja. Kisha huulizwa kila mmoja atoe mfukoni kila kitu kinachoweza kutoa cheche: viberiti, simu, saa za betri, funguo za gari za kisasa. Hii si desturi ya maonyesho. Ndani ya tabaka za makaa mna gesi ya methani, ambayo ikichanganyika na hewa kwa kiasi fulani hulipuka kwa cheche moja tu, na sheria iliyowalinda wachimbaji ndiyo inayowalinda wageni. Mzazi amweleze mwanawe sababu hiyo nyumbani, ili anapotoa simu yake aitoe kwa kuelewa na si kwa kununa.

Baada ya hapo watu huingia katika kizimba cha chuma, mlango ukafungwa, na kamba nene ya chuma ikawateremsha mita 90 kwenda chini. Huko huwa baridi, maji hudondoka, na mapito mengine ni mafupi hata mtu mzima huinama. Mwongozaji atawaonyesha milango ya mbao iliyokuwa ikielekeza hewa safi. Na mazizi ya farasi, ambamo majina yao yangali yameandikwa juu ya vyumba vyao. Watoto husimama hapo kwenye mazizi kuliko mahali pengine popote, na waachwe wasimame. Farasi hao walivuta magari ya makaa gizani mwaka mzima, na aghalabu walipandishwa juu majira ya kiangazi tu, wachimbaji walipokwenda likizo, wakapata kuona majani na jua. Mtoto wa miaka 7 akilishika hilo la farasi, ameshika mlango wa kuyaelewa mengine.

Wakati mmoja mwongozaji huwaambia wote wazime taa. Giza linaloingia hapo halifanani na giza la usiku, ambalo jicho hulizoea. Hili halizoeleki, mtu huweka kiganja mbele ya uso asikione. Mzazi na amshike mkono mtoto mapema, bila kumdhihaki akiogopa, na taa zikiwaka tena amwambie kwamba kabla ya sheria ya mwaka 1842, iliyowakataza wanawake wote na wavulana walio chini ya miaka 10 kufanya kazi chini ya ardhi, watoto wadogo kuliko yeye walikaa katika giza kama hilo saa nyingi kwa siku, peke yao, kazi yao ikiwa ni kufungua na kufunga mlango wa hewa kila gari lilipopita. Hakuna haja ya kuongeza neno. Mtoto atauliza mwenyewe walikuwa wakila nini, walikuwa wakilia au la, na mama zao walikuwa wapi.

Swali la mama zao walikuwa wapi ndilo ambalo mimi ningependa lichukue nafasi kubwa kuliko yote, kwa sababu habari za migodi husimuliwa kwa kawaida kana kwamba ni za wanaume peke yao. Mkirudi juu, nendeni kwenye nyumba ya kuogea ya wachimbaji, iliyofunguliwa mwaka 1939, na mketi hapo kidogo. Kabla ya nyumba hiyo, mchimbaji alirudi kwake na vumbi jeusi mwili mzima, naye mkewe alikuwa amekwisha kuteka maji, kuyapasha juu ya moto, kuyamimina katika karai kubwa la bati mbele ya jiko, kisha akayamwaga na kuanza upya kwa ajili ya mwana wa kwanza, na wa pili. Na ikiwa baba na wana walifanya kazi kwa zamu tofauti, moto wake haukuzimika mchana wala usiku. Nguo zao alizipiga ukutani vumbi litoke, akazifua, akazikausha, na sakafu akaisugua tena jioni ile ile. Makaa yaliyoendesha meli za dunia yaliendeshwa pia na migongo ya wanawake hao, ambao hawakuandikwa katika daftari la mshahara wala hawakupata kipande cha shaba chenye namba kama alichochukua mume alipokwenda shimoni. Binti akionyeshwa karai lile na akaelezwa hesabu ya maji na makaa, historia haitakuwa tena habari ya watu wengine. Na mvulana naye ni vyema alisikie.

Wenye nguvu bado wanaweza kuteremka mjini kuona magofu ya kiwanda cha chuma kilichoanza mwaka 1789 na nyumba ndogo za wafanyakazi zilizo kando yake, au jumba la wafanyakazi lililofunguliwa mwaka 1895. Majumba kama hayo yalikuwa katika karibu kila bonde, yakiwa na maktaba, chumba cha magazeti na ukumbi wa nyimbo, na yaliendeshwa kwa fedha chache zilizokatwa katika mishahara ya wachimbaji wenyewe kwa hiari yao. Lakini ikiwa watoto wamechoka, rudini nyumbani. Kosa la wazazi wengi wenye bidii ni kutaka kumaliza nchi kwa siku moja, wakampitisha mtoto katika majumba manne ya makumbusho hata asijue lipi ni lipi. Bonde moja, mgodi mmoja na mzee mmoja wa kuzungumza naye ni siku iliyojaa.

Kwa wasio na gari, Blaenavon ina taabu kidogo, kwani haina treni ya kawaida na basi lazima lipangiwe saa. Hao nawashauri waende Trehafod katika bonde la Rhondda, kwa treni kutoka Cardiff. Ukishuka kituoni, ni mwendo mfupi wa miguu mpaka kwenye mgodi wa Lewis Merthyr, uliofungwa mwaka 1983, na mnara wake wa magurudumu utauona mapema. Hapo napo ziara huongozwa, na pana nafasi ya watoto kucheza.

Sasa nifike kwenye mahali pa huzuni, ambapo pana adabu yake. Tarehe 14 Oktoba, 1913, mgodi wa Universal katika kijiji cha Senghenydd ulilipuka, wakafa wachimbaji 439 na mwokozi mmoja. Ndio msiba mkubwa kuliko yote iliyopata kutokea katika migodi ya Uingereza. Mgodi huo huo ulikuwa umeua watu 81 mwaka 1901. Baada ya uchunguzi, meneja wake alitozwa faini ya pauni 24. Leo ipo bustani ya ukumbusho, iliyofunguliwa miaka 100 kamili baada ya msiba, na ndani yake majina ya wafu yamechorwa pamoja na umri wao. Mtoto wa miaka 12 anayejua kusoma na kujumlisha ataketi hapo mwenyewe akatafuta walio karibu na umri wake, na atawapata wa miaka 14. Mzazi hana la kufanya ila kukaa karibu.

Aberfan ni jambo jingine. Asubuhi ya tarehe 21 Oktoba, 1966, kilima cha kifusi cha mgodi, kilichorundikwa juu ya chemchemi ya maji mlimani, kiliporomoka juu ya shule ya msingi ya Pantglas, wakafa watu 144, na 116 kati yao walikuwa watoto. Baraza la uchunguzi lililaumu waziwazi Bodi ya Taifa ya Makaa. Hata hivyo pauni 150,000 zilichukuliwa katika mfuko wa misaada ya wafiwa ili kugharimia kuondolewa kwa vilima vilivyobaki, na hazikurudishwa mpaka mwaka 1997. Mahali pa shule pana bustani, na mlimani kuna makaburi yenye matao meupe. Wazazi na ndugu wa watoto wale wangali wanaishi pale. Kwa hiyo, siwashauri wenye watoto wadogo kwenda. Wenye vijana wakubwa waende kwa ukimya, kwa mavazi ya heshima, kama tunavyokwenda makaburini kwetu, wasipige picha, wasile wala kunywa humo, na wakitaka kusoma dua waisome kwa sauti ndogo. Maelezo yote yatolewe kabla ya kufika au baada ya kuondoka. Na isiunganishwe na matembezi ya furaha siku ile ile.

Kwa vijana wa sekondari, ambao mashimo na mashine haziwavutii sana, yapo mambo ya kuwaamsha. Wapelekeni Tredegar, mji alikozaliwa Aneurin Bevan mwaka 1897, aliyeingia mgodini akiwa na miaka 13 na baadaye akawa waziri wa afya. Katika mji huo wafanyakazi walikuwa na chama chao cha matibabu, kila mmoja akitoa sehemu ya ujira wake, na watu wa nyumbani mwake wakatibiwa na daktari wa chama. Bevan alipoanzisha huduma ya afya ya taifa tarehe 5 Julai, 1948, alikuwa ameiona mbegu yake kwao. Ni wangapi katika wasomaji wangu wanaofanya kazi katika hospitali za huduma hiyo, usiku kucha, wakiwa wauguzi na wasaidizi? Mtoto anayemwona mama yake akivaa sare hiyo ana haki ya kujua ilikotoka.

Tena wasimulieni habari za Paul Robeson, mwimbaji mkuu wa watu weusi wa Marekani, aliyejifunza Kiswahili mjini London katika miaka ya 1930 kwa kupenda asili yake, na aliyependana na wachimbaji wa Wales mapenzi ya kweli. Alicheza katika filamu ya The Proud Valley iliyotoka mwaka 1940, na serikali yake ilipomnyima pasipoti, mwaka 1957 aliwaimbia wachimbaji waliokusanyika Porthcawl kwa njia ya simu iliyopita chini ya bahari ya Atlantiki, nao wakamjibu kwa kwaya. Mwaka uliofuata, alipopata pasipoti, alikuja mwenyewe. Na msisahau mgodi wa Tower, karibu na Hirwaun: serikali ilipoufunga mwaka 1994 kwa kusema hauna faida, wachimbaji 239 walitoa kila mmoja pauni 8,000 katika malipo ya kuachishwa kazi, wakaununua, wakaanza kazi tena Januari 1995 na kuuendesha mpaka 2008. Kijana anayeamini kwamba masikini hawezi kupanga jambo likapangika na alitafakari hilo.

Juu ya mzee wa kuzungumza naye, mwacheni azungumze kwa mwendo wake. Watu wa mabonde hayo ni wakunjufu, hupenda maswali ya watoto, na hawaoni haya kumwita mgeni kwa maneno ya mapenzi. Lakini wapo waliopoteza ndugu, na wapo ambao mgomo wa 1984 uliwatenga na majirani zao mpaka leo. Mtoto afundishwe kuuliza juu ya kazi kwanza: ulianza ukiwa na miaka mingapi, nani alikushusha siku ya kwanza, chakula mlikiwekaje panya wasikile, farasi aliitwaje. Mambo ya mgomo na ya vifo ayaanzishe mzee mwenyewe. Aamkiwe kwa heshima akifikiwa, na ashukuriwe kwa kupewa mkono wakati wa kuondoka. Nanyi mkiwa njiani kurudi, huo ndio wakati wa kuwasimulia watoto kazi za babu zao katika mashamba ya mkonge ya Tanga, mikarafuu ya Pemba, au gati ya Kilindini, kwa kuwa masikio yao yatakuwa yamefunguka; na kama babu angali hai, apigiwe simu jioni hiyo hiyo aulizwe maswali yale yale.

Yamebaki ya mwili. Vaeni viatu imara visivyoteleza na makoti ya mvua hata mwezi wa Julai, na sweta kwa ajili ya chini ya ardhi. Mikahawa ipo, lakini familia ya Kiislamu ni heri ichukue chakula chake, wali wa mabaki au sambusa na chai katika chupa. Vile vikeki vya zabibu ndogo vinavyopikwa juu ya bamba la chuma, ambavyo ni fahari ya Wales, ni vitamu mno. Ila ulizeni kwanza vimepikwa kwa siagi au kwa mafuta ya nguruwe, kwani vyote viwili hutumika. Sala ya adhuhuri huweza kusaliwa mahali pa faragha mlimani, na wahudumu wakiombwa kwa adabu huonyesha pembe ya kufaa.

Wenye watoto wasiofika mita moja wasijione wamekosa. Dare Valley Country Park, karibu na Aberdare, ilifunguliwa mwaka 1973 juu ya ardhi iliyokuwa ya migodi, na leo ni majani, maji na vijia vya kukimbilia. Waonyesheni tu kwamba mteremko huu wanaobiringika ulikuwa mweusi. Au, siku ikiwa ya jua, chukueni treni kutoka Cardiff mpaka Barry Island, karibu na gati zile zilizopakia makaa, penye ufuo wa mchanga ambao familia za wachimbaji zilikuja kupumzika katika majuma yao mawili ya kiangazi. Treni hujaa sana kuanzia alasiri, kwa hiyo mwenye gari la mtoto mchanga aondoke mapema kabla ya umati.